Fangasi wa mizizi: Mkulima asiuziwe kilichomo shambani mwake

KILA msimu wa kupanda unapokaribia, rafu za maduka ya pembejeo hupata wageni. Miaka ya nyuma wageni hao walikuwa mbegu chotara na viuatilifu vipya. Siku hizi wamo pia pakiti na chupa ndogo zenye neno ambalo wakulima wengi hawajalizoea: maikoriza. Maandishi ya nje ya pakiti huahidi mambo makubwa, yaani mizizi mirefu, mmea unaostahimili ukame, mbolea kidogo na magunia mengi.

Mkulima ana kila sababu ya kuvutiwa na ahadi hizo. Bei ya mbolea za viwandani ilimuumiza mwaka 2008, ikamuumiza tena mwaka 2022 baada ya vita kuanza nchini Ukraine. Serikali za Tanzania na Kenya zilirudi kwenye ruzuku mwaka huo wa 2022, na Mei 2024 viongozi wa Afrika walikutana Nairobi kujadili mbolea na afya ya udongo. Mtu anayekuja na pakiti ndogo na kusema kwamba itapunguza mzigo huo hawezi kukosa wasikilizaji.

Hata hivyo, wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kabla ya mkulima kutoa fedha yake, na kabla ya mwenye duka kuweka jina lake nyuma ya bidhaa hiyo, ni vyema pande zote mbili zikafahamu kilichomo ndani. Sayansi ya fangasi wa mizizi ni ya kweli na faida yake ni ya kweli. Lakini mara nyingi fangasi hao tayari wamo shambani, na biashara ya kuwauza imekwenda mbio kuliko upimaji wake. Mwenye shilingi chache anapaswa kwanza kuwatunza alionao, kisha anunue kwa ushahidi.

Ndoa ya mzizi na fangasi

Jina maikoriza lilitungwa mwaka 1885 na mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Albert Bernhard Frank, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja likiwa na maana ya fangasi na jingine mzizi. Frank alikuwa ametumwa na serikali ya Prussia kuchunguza namna ya kulima aina ya uyoga wa thamani unaoota chini ya ardhi. Alichokikuta ni mizizi ya miti iliyovikwa fangasi, na miti hiyo haikuwa inaugua. Wengi walimpinga, kwa kuwa wakati huo fangasi alijulikana kama adui wa mmea. Utafiti uliofuata ulimpa haki.

Leo inafahamika kwamba asilimia 70 hadi 80 ya aina za mimea ya nchi kavu huishi na kundi moja la fangasi hao, wanaoingia ndani ya mzizi na kujenga humo vijitawi vidogo mfano wa mti. Mabaki ya mimea yaliyogeuka mawe huko Scotland, yenye umri wa miaka milioni 400 hivi, yanaonyesha kwamba ushirika huu ulikuwapo tangu mimea ilipoanza kuishi nchi kavu. Mahindi, mtama, mpunga wa nchi kavu, muhogo, maharage, alizeti, vitunguu, nyanya, migomba na kahawa yote yamo katika ushirika huo.

Wapo wasioolewa. Jamii ya kabichi, pamoja na sukuma wiki, chainizi na haradali, haishirikiani na fangasi hawa. Jamii ya mchicha na spinachi nayo kwa kiasi kikubwa iko nje. Mkulima wa bustani ya kabichi anayeuziwa pakiti ya maikoriza anauziwa kitu ambacho zao lake haliwezi kukitumia.

Kazi kubwa ya fangasi hao ni kuleta fosforasi. Udongo mwekundu wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki una chuma na alumini nyingi, ambazo huishika fosforasi isitembee. Mzizi hunyonya iliyo karibu yake, milimita chache tu, kisha hubaki na njaa ilhali fosforasi nyingine iko jirani. Fangasi hutoa nyuzi nyembamba kuliko unywele, zikapita katika vitundu ambavyo mzizi hauwezi kupenya, zikafika sentimita kadhaa mbali na kurudi na fosforasi. Huleta pia zinki na shaba. Nyuzi hizo hizo hushikamanisha chembe za udongo, na hivyo udongo ukawa na mabonge madogo yanayopitisha hewa na kutunza maji.

Kazi hiyo haifanywi bure. Mmea humlipa fangasi kwa chakula ulichotengeneza majanini, na makadirio ya watafiti ni kati ya asilimia 4 na 20 ya kaboni ambayo mmea umeitengeneza. Mwaka 2017 ilithibitishwa kwamba malipo hayo si sukari peke yake bali pia mafuta, kwa sababu fangasi huyu hana uwezo wa kujitengenezea mafuta ya msingi. Maana yake ni kwamba hawezi kuishi na kuzaliana pasipo mzizi ulio hai. Jambo hilo, kama itakavyoonekana, ndilo linaloamua mengi kuhusu pakiti za dukani.

Fangasi hafanyi kazi peke yake

Kosa linalofanywa na matangazo mengi ni kumsifu fangasi kana kwamba ni fundi mmoja asiye na msaidizi. Utafiti wa miongo ya karibuni unaonyesha kikosi kizima. Mwaka 1994 mtafiti wa Ufaransa, Jean Garbaye, aliandika kuhusu bakteria wanaomsaidia fangasi kuingia kwenye mzizi, akawapa jina la bakteria wasaidizi. Watafiti wa China nao wameonyesha kwamba fangasi hulisha bakteria wanaoishi juu ya nyuzi zake kwa sukari, nao bakteria hutoa vimeng'enya vinavyofungua fosforasi iliyofungwa ndani ya mboji na samadi. Fangasi ndiye mchukuzi, bakteria ndiye mfungua ghala.

Katika mikunde wapo pia bakteria wa vinundu, yaani raizobia, wanaonasa naitrojeni ya hewani. Kazi yao inahitaji fosforasi nyingi, na mara nyingi ni fangasi anayeileta. Maharage, kunde na soya yenye washirika wote wawili ndiyo hufaidi zaidi. Ndiyo maana shamba lenye samadi, mabaki ya mazao na mchanganyiko wa mikunde na nafaka huonekana kulipa kuliko hesabu ya mbolea peke yake.

Hapa mkulima anaweza kujikagua mwenyewe. Ang'oe mche wa maharage au soya unapoanza kutoa maua, apasue vinundu vya mizizini kwa ukucha. Ndani pakiwa na rangi ya waridi au nyekundu, bakteria wapo kazini. Pakiwa peupe au kijani, au vinundu havipo kabisa, kuna tatizo. Kwa fangasi wa mizizi ya mahindi haiwezekani kuona kwa macho. Inahitajika maabara, rangi maalumu na darubini. Ukungu mweupe unaoonekana kwenye rundo la samadi si huyu, na muuzaji anayeuonyesha kama ushahidi ama hajui au anadanganya.

Siri ya kiduha

Hakuna mahali ambapo utafiti huu unamgusa mkulima mdogo zaidi kuliko kwenye kiduha, gugu linalonyonya mahindi, mtama na uwele kuanzia Kanda ya Ziwa ya Tanzania hadi magharibi mwa Kenya. Mmea mmoja wa kiduha hutoa makumi ya maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, nazo huweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikisubiri.

Zinasubiri nini? Tangu mwaka 1966 wanasayansi walijua kwamba mizizi hutoa kemikali inayoziamsha mbegu hizo, lakini haikueleweka kwa nini mmea utoe kitu kinachomwita adui yake. Jibu lilipatikana mwaka 2005 nchini Japani. Kemikali hiyo ni mwito wa mmea kwa fangasi wa mizizi. Mmea wenye njaa ya fosforasi hupiga kelele kuomba msaada. Kiduha kimejifunza kusikiliza kelele hizo na kuwahi mlangoni.

Hii inaeleza jambo ambalo wakulima wamelishuhudia miaka mingi bila kupewa sababu, kwamba kiduha hushambulia zaidi mashamba yaliyochoka. Udongo wenye njaa hufanya mizizi iite kwa nguvu, na pale ambapo fangasi ni wachache anayeitikia ni kiduha. Mmea ukishapata fangasi wake, au ukipata fosforasi ya kutosha, hupunguza mwito. Majaribio ya mashambani yaliyofanyika Kamerun na kuchapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba mtama na mahindi yaliyoongezewa fangasi wa mizizi yalishambuliwa na kiduha kichache zaidi. Kwa hiyo mkulima anayerutubisha udongo wake, anayechanganya mikunde na kung'oa kiduha kabla hakijatoa mbegu anapigana vita moja, wala si vitatu tofauti.

Somo la misonobari

Anayedhani habari hizi ni za maabara tu awaulize wapanda miti. Misonobari, maarufu kwa jina la paina, si miti ya asili ya Afrika Mashariki. Inashirikiana na kundi jingine la fangasi, wanaovika mizizi kwa nje, ambao hawakuwa katika udongo wa huku. Nchi nyingi za joto zilizoleta mbegu za misonobari bila udongo wake ziliona miche ikidumaa, ikageuka njano na kufa. Huko Puerto Rico majaribio yalishindwa mara kwa mara, hadi miaka ya 1950 ulipoletwa udongo kutoka misitu ya misonobari ya Marekani. Miche iliyopata udongo huo iliinuka, ambayo haikupata ilibaki pale pale.

Kwa sababu hiyo watunza vitalu vya misonobari huchanganya kwenye viriba udongo kutoka chini ya misonobari iliyokomaa. Mzizi ukichunguzwa, ncha zake huonekana fupi na zenye umbo la panda. Ni teknolojia isiyo na pakiti wala bei, na inafanya kazi kwa sababu moja ya wazi: fangasi anayehitajika hakuwapo, naye ameletwa akiwa hai.

Hilo ndilo swali ambalo mnunuzi wa pakiti anapaswa kuliuliza. Je, fangasi anayeuzwa anakosekana kweli shambani? Kwa mahindi katika shamba la kawaida jibu mara nyingi ni hapana. Kwa migomba ya maabara mambo ni tofauti. Miche hiyo hukuzwa ndani ya chupa pasipo kijidudu chochote, hivyo hutoka bila washirika wake. Kwa miche ya namna hiyo, na kwa miche inayooteshwa kwenye udongo uliochomwa au kuchemshwa ili kuua wadudu, kuongezea fangasi kitaluni kuna mantiki kubwa zaidi kuliko kunyunyiza ekari nzima ya mahindi.

Majaribio yalipofunua pakiti

Kwa kuwa fangasi wa mazao hukua kwenye mzizi ulio hai tu, kumzalisha kiwandani ni kazi ngumu. Ama mzalishaji aotesheshe mimea kwenye vyungu na kuvuna udongo na mizizi, ama atumie mizizi inayokuzwa maabara. Baada ya hapo bidhaa lazima isafirishwe, ikae bohari, ikae dukani chini ya bati lenye jua kali, na bado ifike shambani ikiwa hai. Kila hatua ina hasara yake.

Watafiti waliopima bidhaa hizo wamekuta hali isiyoridhisha. Kuanzia mwaka 2009, mradi mkubwa ulioendeshwa Ethiopia, Kenya na Nigeria ulipima bidhaa nyingi zilizokuwa sokoni zikidai kurutubisha udongo. Chache zilionyesha faida ya kutegemewa, na zilizofanya vizuri zaidi zilikuwa zile za bakteria wa vinundu kwa ajili ya mikunde kama soya. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya kupima bidhaa 65 za vijidudu: takriban asilimia 40 hazikuwa na hata aina moja ya kijidudu kilichotajwa kwenye lebo, bali wavamizi watupu.

Tatizo si la Afrika peke yake. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, walichapisha ripoti kuhusu bidhaa 23 za maikoriza. Nyingi za madukani hazikuwa na fangasi hai wa kutosha kuingia kwenye mizizi, na baadhi zilibeba vimelea vya magonjwa. Mnunuzi alikuwa analipia vumbi, na wengine walilipia ugonjwa.

Upande wa pili nao una ushahidi wake, na haki lazima itendeke. Nchini Kolombia, timu iliyowashirikisha Ian Sanders wa Chuo Kikuu cha Lausanne na Alia Rodriguez wa chuo kikuu cha taifa cha nchi hiyo ilichapisha mwaka 2013 majaribio ya muhogo shambani, ambapo fangasi aliyekuzwa maabara na kuwekwa kwenye jeli aliongeza mavuno kwa takriban asilimia 20. Nchini Uswisi, majaribio kwenye mashamba 54 ya mahindi yaliyochapishwa mwaka 2023 yalikuwa na funzo kubwa zaidi. Fangasi alikuwa yule yule, lakini matokeo yalianzia hasara ya asilimia 12 hadi ongezeko la asilimia 40. Ni kama robo ya mashamba tu yaliyofaidika kwa uhakika. Watafiti walipochunguza udongo waligundua kwamba kilichotofautisha mashamba hayo zaidi ni vijidudu vilivyokuwamo kabla. Pale palipokuwa na fangasi wengi waletao magonjwa, mgeni alisaidia kuwazuia wasiudhuru mzizi. Pale ambapo udongo ulikuwa mzima, hakuwa na la kuongeza.

Wapo wataalamu wanaokwenda mbali zaidi. Mwaka 2018 Megan Ryan wa Australia na James Graham wa Marekani waliandika kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kumtaka mkulima wa nafaka apange kilimo chake kwa ajili ya fangasi hao. Wenzao waliwajibu mwaka uliofuata kwamba mavuno si kipimo pekee, kwani udongo usiomomonyoka nao ni faida. Mabishano hayo yanaendelea, na mkulima anapaswa kuyajua, kwa sababu lebo ya pakiti haitamwambia.

Hesabu kabla ya kununua

Kwa mkulima mdogo suala hili huishia kwenye daftari. Chukua mfano wa pakiti ya ekari moja inayouzwa Sh30,000, na gunia la mahindi linalouzwa Sh60,000. Mkulima anahitaji nyongeza ya nusu gunia kwa ekari ili tu arudishe fedha ya pakiti, kabla ya kuhesabu nauli na kazi ya kupaka mbegu. Ikiwa shamba lake ni moja kati ya yale matatu ya Uswisi yasiyofaidika, hiyo nusu gunia haitatokea. Fedha hiyo hiyo ingeweza kulipia palizi kwa wakati, mbegu bora au mikokoteni kadhaa ya samadi, mambo ambayo faida yake haina mabishano.

Anayetaka kujaribu ajaribu kwa akili. Atenge vipande vidogo sita vinavyolingana, vitatu vipate pakiti na vitatu visipate, vikipishana, mbegu ikiwa moja, mbolea moja na siku ya kupanda moja. Avune kila kipande peke yake na kupima kwa mizani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na pembejeo bila kipande cha kulinganishia ni hivyo hivyo. Asome pia lebo kwa makini, maana baadhi ya bidhaa huchanganywa na mbolea kidogo au majivu ya madini. Mmea ukistawi, sifa huenda kwa fangasi ambaye hakufanya kitu.

Kwa mkulima wa soya, hali ni tofauti. Chanjo ya bakteria wa vinundu imepimwa kwa miongo mingi. Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro vyote vimewahi kuzalisha chanjo hizo, na katika shamba ambalo halijawahi kupandwa soya faida yake huonekana kwa macho. Bei yake ni ndogo. Kuziweka pakiti zote kwenye kapu moja na kuziita "vijidudu" ni kumfanya mkulima akose kile kinachofaa kwa kuogopa kisichofaa.

Kutunza waliopo

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Fangasi waliomo shambani hawana muuzaji wala tangazo, lakini wana mahitaji yanayojulikana. La kwanza ni mzizi ulio hai. Huko Queensland, Australia, wakulima walishangaa kuona mazao yanayopandwa baada ya shamba kukaa tupu muda mrefu yakidumaa kwa kukosa fosforasi na zinki. Utafiti uliochapishwa mwaka 1987 ulionyesha chanzo: fangasi walikuwa wamepungua kwa kukosa mzizi wa kuwalisha. Kipande kinachopumzishwa kwa hiyo kisiachwe kipara. Mbaazi, fiwi, mucuna au kunde zikiachwa zitambae huhifadhi udongo na washirika wake pamoja.

La pili ni kutovuruga udongo kupita kiasi. Kila jembe au haro inapopita hukata mtandao wa nyuzi, na mmea mchanga hulazimika kuanza upya. Kilimo hifadhi, chenye mashimo au mistari inayopasuliwa badala ya kugeuza shamba zima, huuacha mtandao huo ukiwa umeunganika. Kuchoma mabaki kila mwaka huondoa kivuli na chakula cha kikosi kizima.

La tatu ni mpangilio wa mazao. Majaribio ya Hokkaido, Japani, yalionyesha mahindi yakistawi zaidi yakifuata alizeti kuliko yakifuata haradali au kiazisukari, ambavyo havina ushirika na fangasi. Anayelima kabichi msimu mmoja na kutaka mahindi msimu unaofuata atarajie mwanzo mzito, hivyo asiache fosforasi ya kupandia.

La nne ni kipimo cha mbolea. Mmea uliojazwa fosforasi hufunga mlango na kuacha kumlisha fangasi. Hii haina maana kwamba mbolea ni sumu, au kwamba mkulima wa shamba lililochoka aitupe. Udongo usio na fosforasi hauwezi kupewa fosforasi na fangasi. Mchukuzi hachukui kisichokuwapo. Kinachofaa ni kiasi kidogo kinachowekwa shimoni karibu na mbegu, pamoja na samadi au mboji. Kwenye udongo wenye asidi, unga wa mawe ya fosfeti ya Minjingu, mkoani Manyara, huyeyuka polepole na kuwapa fangasi na bakteria kitu cha kuchukua msimu hadi msimu.

Tahadhari moja ni ya lazima. Kwa kuwa udongo wa msituni hufaa kwa misonobari, wapo wanaochota udongo wa shamba moja kwenda jingine wakidhani wanahamisha fangasi. Udongo huo huweza kuhamisha pia minyoofundo, mnyauko wa migomba na mnyauko wa nyanya. Kwa migomba na mbogamboga, hasara inaweza kuzidi faida mara nyingi.

Wajibu wa wenye duka na wa mamlaka

Mwenye duka la pembejeo yuko katikati. Akiuza pakiti iliyokufa, mkulima hatamfuata mtengenezaji aliye ng'ambo, atamfuata yeye. Ana haki ya kumdai msambazaji majina ya viumbe vilivyomo, idadi yao kwa gramu, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, mazao yanayofaa na matokeo ya majaribio yaliyofanyika katika udongo wa nchi yake. Msambazaji asiyeweza kutoa karatasi hiyo asipewe rafu. Na bidhaa iliyo hai isipangwe dirishani penye jua, kwani joto ni kifo chake.

Mamlaka za udhibiti nazo zinadaiwa. Tanzania ina Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009 na mamlaka yake ya udhibiti wa mbolea. Kenya ina taasisi za viwango na za afya ya mimea. Kenya ilitikiswa mwaka 2024 na sakata la mbolea duni iliyoingia katika mpango wa ruzuku. Ikiwa mbolea ya chumvichumvi, ambayo maabara huipima kwa saa chache, inaweza kupenya, kiumbe kisichoonekana kwa macho kitapenya kwa urahisi zaidi. Kusajili bidhaa kwa kutazama karatasi za mtengenezaji hakutoshi. Inahitajika kuchukua sampuli dukani, si kiwandani, na kuotesha mche maabara kuona kama mzizi unaingiwa. Vituo kama Mlingano mkoani Tanga na maabara za vyuo vikuu vinaweza kufanya kazi hiyo vikipewa fedha na vifaa, na matokeo yakatangazwa kwa majina ya bidhaa ili mkulima aone.

Aidha, majaribio yafanyike kwenye mashamba ya wakulima, kwenye udongo mwekundu wa milimani na kichanga cha tambarare, wala yasiishie kwenye vyungu. Somo la Uswisi ni kwamba jibu liko ndani ya udongo wa kila shamba. Huduma ya kupima udongo ambayo siku moja itamwambia mkulima iwapo shamba lake linahitaji mgeni huyo itakuwa na thamani kuliko pakiti elfu zinazouzwa kwa kubahatisha.

Fangasi wa mizizi wamemlisha mkulima wa Afrika tangu jembe la kwanza bila kumdai chochote zaidi ya mzizi ulio hai na udongo usiovurugwa. Si haki kazi yao ya miaka yote hiyo igeuke kuwa jina la kuuzia vumbi. Anayetaka kumuuzia mkulima kiumbe hai na athibitishe kwanza kwamba kiko hai, kisha athibitishe kwamba shamba linakihitaji. Hadi hapo, fedha ya kwanza ya mkulima iende kwenye samadi, mikunde na mbegu nzuri, na pakiti isubiri zamu yake.